Binti anataka kusomea filamu: chuo cha akiba ni kipi hasa?

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeishi Columbus, Ohio. Nalifupisha:

"Mume wangu ni dereva wa malori, mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Kwa pamoja tunaingiza kama dola 68,000 kwa mwaka, na nyuma ya binti yetu wako wadogo zake wawili. Sote tuna kadi ya kijani. Binti yuko darasa la kumi na moja, GPA yake, yaani wastani wa alama, ni 3.6, na tangu mjomba wake ampe kamera hataki kusikia kitu kingine ila filamu. Orodha yake ni USC, UCLA na Chapman za California, NYU ya New York, na Emerson ya Boston ameiweka kama chuo cha akiba. Mshauri wa shule ametuambia tuongeze vyuo vya akiba, lakini hakusema vipi. Shemeji yangu aliyeko Mwanza anasema hata hivyo vitano ni vingi kwa mtoto anayekwenda kuchezea kamera. Tufanyeje?"

Dada yangu, shemeji wa Mwanza nitamfikia baadaye. Ndani ya dhihaka yake ana hoja moja ya kweli. Tuanze na orodha.

Orodha hiyo ina vyuo vitano na haina chuo cha akiba hata kimoja. Emerson imepewa jina hilo kwa sababu inakubali sehemu kubwa zaidi ya waombaji wake kuliko NYU, na hapo ndipo familia nyingi zinapoteleza. Wanasoma asilimia ya wanaokubaliwa, wanaona namba kubwa, wanapumua. Mimi chuo cha akiba nakiita kile ambacho leo hii, kabla binti hajatuma fomu hata moja, mnaweza kukaa mezani mkasema: ataingia, atasoma filamu yenyewe, tutaweza kulipa, na akienda hatajificha watu wakimuuliza anasoma wapi. Likikosekana moja kati ya hayo, hicho ni chuo cha bahati kama vingine.

Kwenye uhasibu au sayansi ya siasa, kuingia chuoni na kuingia kwenye somo mara nyingi ni jambo moja. Filamu haiko hivyo. Vyuo vingi vya Marekani vina mlango wa chuo, kisha mlango wa idara, na vingine vina mlango wa tatu mwishoni mwa mwaka wa pili, ambapo walimu hukaa na kuamua nani aendelee na kozi ya utengenezaji wa filamu na nani ahamishiwe kwenye kozi ya kuzisoma na kuzichambua tu. Nina kijana niliyemshauri miaka ya nyuma, chuo kikuu chenye jina kilimkubali, wazazi wakachinja mbuzi. Barua ilikuwa na sentensi moja ambayo hakuna aliyeisoma vizuri: amekubaliwa chuoni bila somo maalumu. Idara ya filamu ilikuwa imemkataa. Alijaribu kuhamia humo mwaka wa pili, akakataliwa tena. Alimaliza miaka miwili akitazama wenzake wakibeba taa na vifaa vya sauti, yeye akisoma masomo ya jumla kwa bei ya chuo cha filamu. Sasa barua yoyote ya udahili inayopita mikononi mwangu naitafuta kwanza sentensi hiyo.

Halafu kuna potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi za mwombaji. USC na NYU hutaka maandishi, video, picha, na maelezo ya mtu binafsi, na kazi hizo husomwa na watu wenye ladha zao. GPA ya 3.6 inapimika. Skripti ya kurasa chache kuhusu bibi anayeuza dagaa Kirumba haipimiki. Msomaji mmoja itamliza, mwingine ataugeuza ukurasa akiwa na usingizi. Kwa hiyo kanuni yangu, na sijawahi kuilegeza, ni hii: chuo chochote ambacho mlango wake wa filamu unafunguliwa kwa potifolio hakiwezi kuwa cha akiba, hata kama kinachukua nusu ya waombaji wake. Kiwekeni kundi la katikati, kati ya vyuo vya ndoto na vya akiba, na mkiombee dua.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo orodha ya binti yako inapogeuka kichwa chini.

Gharama yote ya mwaka mmoja USC au NYU, ukijumlisha ada, chumba, chakula na vitabu, inazidi dola 90,000. Ukiiona namba hiyo utaifuta USC hapohapo. Subiri. Mwaka 2020 USC ilitangaza kwamba familia yenye kipato cha dola 80,000 au chini, na mali za kawaida, mtoto wake akidahiliwa hatatozwa ada ya masomo. NYU nayo, kwa wanaoanza mwaka wa kwanza kuanzia 2025, iliweka mstari huohuo kwenye dola 100,000. Kwa kipato chenu cha 68,000, vyuo viwili vigumu kuliko vyote kuingia vinaweza kuwa nafuu kuliko vile vinavyoonekana rahisi. Chumba na chakula cha Los Angeles au New York havimo kwenye ahadi hiyo ya ada, navyo si vitu vidogo, lakini vyuo hivyo huhesabu pia uwezo wa familia kuvilipia. Tatizo ni kupenya: NYU ilikubali asilimia 8 tu ya walioomba kuanza mwaka 2024, na USC iko karibu na asilimia 10, hiyo ikiwa ni hesabu ya chuo kizima.

Emerson na Chapman ziko upande wa pili wa mizani. Kuingia ni rahisi zaidi, lakini bei ya mwaka mzima inazidi dola 75,000 na havina ahadi ya kuziba pengo lote kati ya bei na uwezo wenu. Watampa ufadhili wa dola elfu 20, pengine elfu 30, barua itakuja na hongera na rangi za kupendeza, nanyi mtabaki na zaidi ya dola 40,000 za kutafuta kila mwaka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi anaweza kukopa serikalini dola 5,500 tu. Zinazobaki hukopwa na mzazi kwa mkopo uitwao Parent PLUS, na sheria iliyopitishwa 2025 imeuwekea kikomo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026: dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, na 65,000 kwa jumla. Juu ya hapo ni benki binafsi, na benki haina huruma ya ndugu.

Hili nalijua kwa kosa langu mwenyewe. Kuna familia niliyoiambia kuwa chuo fulani cha sanaa ni salama kwa sababu kilichukua karibu waombaji wanane katika kumi. Kijana aliingia, ndiyo. Baba yake hadi leo analipa. Tukikutana kanisani ananisalimia vizuri, lakini mimi ndiye ninayeangalia chini.

UCLA itoeni kabisa, isipokuwa kama mna jamaa wa kuacha urithi. Ni chuo cha umma, lakini ni cha umma wa California. Mtu wa nje hulipa nyongeza ya zaidi ya dola 34,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, na mfumo wa UC, yaani vyuo vikuu vya umma vya California ambavyo UCLA ni kimojawapo, hautoi ruzuku ya kumfidia mkazi wa Ohio nyongeza hiyo. Mnaweza kulipia fomu, binti akapenya mchujo mwembamba kama tundu la sindano, kisha mkamwambia haendi. Afadhali maumivu hayo yasiwepo.

Kwa hiyo mnachotafuta ni mlango mpana wenye bei ndogo. Kwa bahati nzuri mnaishi jimbo lenye milango hiyo, na mmoja wao binti yako huenda ameupita kwenye barabara kuu ya I-70 bila kugeuza shingo.

Wright State iko nje kidogo ya Dayton, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka kwenu. Huchukua karibu kila mhitimu wa sekondari mwenye alama za kueleweka, na 3.6 ni zaidi ya kueleweka. Ukilitaja jina hilo kwenye sherehe ya Watanzania hakuna atakayeinua nyusi. Lakini muulize binti kama anajua nani alibuni sura ya nchi ya Wakanda kwenye filamu ya Black Panther. Ni Hannah Beachler, aliyesomea filamu Wright State, na mwaka 2019 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Oscar ya ubunifu wa mandhari ya filamu. Julia Reichert alifundisha pale miaka mingi; yeye na mwenzake Steven Bognar, aliyesoma palepale, walipata Oscar ya filamu ya hali halisi mwaka 2020 kwa kazi waliyoipiga kwenye kiwanda cha vioo karibu na Dayton, mlangoni kwao kabisa. Reichert alifariki 2022, lakini desturi ya kupiga hadithi za wafanyakazi wa kawaida imebaki. Mwaka 2016 chuo kilifungua jengo la filamu lenye jina la Tom Hanks, aliyesaidia kuchangisha fedha zake. Hicho ndicho chuo ambacho watu hukiita "cha kwenda ukikosa".

Ohio University, mjini Athens, iko umbali kama huohuo upande wa kusini mashariki. Ina shule ya filamu, na mji wenyewe una tamasha la filamu linaloendelea tangu 1974, jambo ambalo kwa mji mdogo wa vilima na mabweni ni la ajabu kidogo. Cleveland State nayo ina shule ya filamu katikati ya jiji, na Cleveland ni mji ambao studio kubwa huja kupiga. Sehemu ya Superman ya 2025 ilipigwa pale mwaka 2024. Studio zinakuja Ohio kwa sababu jimbo huwarudishia asilimia 30 ya matumizi yao kupitia nafuu ya kodi. Mwanafunzi anayesoma karibu na seti kama hiyo, yaani mahali filamu inapopigwa, ana nafasi ya kubeba nyaya za umeme na kulipwa. Aliye Los Angeles ana nafasi hiyo pia, ila foleni ya wanaotaka kubeba nyaya inaanzia baharini.

Ohio State yenyewe, ya hapo Columbus, ina shahada ya utengenezaji wa picha jongefu, lakini kwa GPA ya 3.6 msiihesabu kama akiba. Kampasi kuu inakataa wengi siku hizi. Njia ya pembeni ndiyo ya akiba: kampasi zake za mikoani, kama ile ya Newark isiyofika saa moja kutoka kwenu, huchukua mkazi yeyote wa Ohio aliyemaliza sekondari na ambaye hajaanza chuo kingine. Akikamilisha saa 30 za masomo kwa GPA ya 2.0 au zaidi, anaruhusiwa kuhamia Columbus. Atalala nyumbani mwaka wa kwanza, atakula ugali wenu, na cheti cha mwisho kitakuwa cha Ohio State. Kabla ya kuishika njia hiyo, mwulizeni mtu wa idara, si wa ofisi ya udahili, mlango wa kuingia kwenye somo ukoje kwa anayetoka Newark. Ule mlango wa pili, mnakumbuka.

Hesabu ya fedha huku ni nyingine kabisa. Ada ya mkazi kwenye vyuo hivi vya serikali ni kati ya dola 11,000 na 15,000 hivi kwa mwaka, na vyuo vya umma vya Ohio huifunga bei hiyo kwa miaka minne, yaani anayoanza nayo ndiyo anayomaliza nayo. Chumba na chakula vinaweza kuizidisha bili mara mbili. Lakini familia ya watu watano yenye kipato chenu ina nafasi nzuri ya kupata sehemu ya ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo kilele chake kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka, na jimbo lina ruzuku yake iitwayo Ohio College Opportunity Grant. Kadi ya kijani inawapa haki ya yote hayo. Fomu ya kuomba msaada huo ni moja, FAFSA, na hufunguliwa Oktoba. Msilipe mtu kuwajazia. Nimewaona "mawakala" wanaotoza dola 300 kwa fomu ya bure, na wengine ni watu wa kwetu.

Kila chuo, kwa sheria, kina kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Kaeni jioni moja na ritani ya kodi ya mwaka jana, muingize namba za kweli kwa kila chuo kilicho kwenye orodha, pamoja na USC na NYU. Namba itakayotoka si ahadi, lakini itawaonyesha nani ni rafiki na nani anatabasamu tu.

Binti atalalamika. Atasema Wright State haina jina, na kwamba waongozaji wakubwa wote wametoka Los Angeles. Watu watamtajia Steven Spielberg, aliyekataliwa na USC akaenda Cal State Long Beach. Ni kweli, na mimi hadithi hiyo siipendi. Long Beach iko eneo hilohilo la Los Angeles iliko studio ya Universal, na kijana yule alikuwa ameshaanza kuzungukazunguka studio kabla hajazoea darasa. Akaacha chuo, na shahada yake akaja kuimaliza mwaka 2002 akiwa tajiri. Haimfundishi chochote mtoto wa Columbus. Mfano wenye manufaa ni Ryan Coogler, mwongozaji wa Black Panther. Shahada yake ya kwanza ni ya fedha, Sacramento State, chuo cha serikali cha kawaida, kisha akaenda USC kwa shahada ya uzamili. Hiyo ni njia iliyo wazi kwa binti yako pia: AFI, chuo cha filamu cha Los Angeles kinachotajwa kila mahali, haina shahada ya kwanza hata moja, ni uzamili mtupu. Akimaliza Ohio bila deni, na filamu fupi nne mkononi, atagonga mlango wa Los Angeles akiwa na miaka 22 na kitu cha kuonyesha.

Kitu kingine ambacho mwongozo wa shule hautamwambia: watu wa darasa lake ndio kazi yake. Barry Jenkins na mpiga picha wake James Laxton walikutana wakiwa wanafunzi Florida State, wakatengeneza Moonlight pamoja miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mkitembelea chuo, msiangalie kamera tu. Kamera huchakaa. Angalieni kama wanafunzi wa mwaka wa nne wanawaita wa mwaka wa kwanza kwenye seti zao. Muulize mwanafunzi, mbali na mwongozaji wa matembezi: ulishika kamera ya chuo mara ya kwanza muhula gani? Kuna vyuo vyenye vifaa vya kung'aa ambavyo mtoto huviona kupitia kioo hadi mwaka wa tatu. Muulize nani alilipia filamu yake ya mwisho. Florida State hugharamia filamu za wanafunzi wake wa kozi hiyo. Kwingineko mwanafunzi hupitisha bakuli mtandaoni, na bakuli hilo linafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, yaani kwenu. Muulize pia haki za filamu ni za nani, zake au za chuo.

Na chuo chenyewe kitakuwepo? Zamani sikuuliza swali hili. Tarehe 31 Mei 2024, University of the Arts ya Philadelphia, yenye historia ndefu na kozi ya filamu, ilitangaza kufungwa. Juni 7 ikafungwa. Wiki moja. Wanafunzi waliokuwa wameshalipa amana za chumba walisikia kwenye habari kama watu wengine. Vyuo vidogo vya sanaa vinavyoishi kwa ada ya wanafunzi viko kwenye hali ngumu, na mara nyingi ndivyo vinavyochukua waombaji wengi na kutuma barua za sifa. Usiache mbachao kwa msala upitao: chuo cha serikali kilicho kwenu kinaweza kubadilisha uongozi na kupunguza kozi, lakini hakitoweki ndani ya wiki.

Sisemi vyuo vidogo ni vibaya. Lupita Nyong'o alisomea filamu na maigizo Hampshire, chuo kidogo cha Massachusetts, na filamu yake ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino Kenya ilianzia pale. Chuo hichohicho mwaka 2019 kilikaribia kufunga milango. Karibu na kwenu, Denison ya Granville ina idara ya sinema na msaada mzuri wa fedha, ila huchukua wachache kuliko watu wanavyodhani. Iwekeni, nafasi yake ni katikati.

Kwa wasomaji wa majimbo mengine: hesabu ni hiihii, majina ndiyo hubadilika. Aliye Atlanta aanze na Georgia State, aliye Dallas aangalie North Texas ya Denton, aliye Los Angeles aitazame Cal State Northridge kabla ya kulia kwa ajili ya USC, na North Carolina ina chuo kikuu cha umma cha Wilmington.

Sasa shemeji. Mwambie kuchezea kamera ni kazi inayolipa watu wengi ambao majina yao hupita kwenye orodha ya mwisho wakati watu wanatafuta viatu vyao: wa sauti, wa taa, wahariri, washonaji, madereva wa malori pia, kama mumeo. Lakini hoja yake ya kweli ni kwamba kazi hiyo haina mshahara wa uhakika. Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma siku 148 na waigizaji siku 118, na hata baada ya mgomo kazi Los Angeles hazikurudi kama zamani. Mtu asiye na deni la kila mwezi aliweza kusubiri, akapiga harusi na matangazo. Mwenye deni la dola elfu moja kwa mwezi aliuza kamera. Hiyo ndiyo sababu nawabana sana kwenye bei, wala sio kwamba namtilia shaka mtoto.

Orodha ningeipanga hivi. USC na NYU zibaki, kwa moyo wote na potifolio nzuri. UCLA itoke. Chapman na Emerson zipitie kwenye kikokotoo kwanza. Inayotoa namba isiyolipika itoke bila mjadala, na kwa vyovyote asiombe chuo chochote kwa ule mpango wa mapema unaomfunga aende hata kabla ya kulinganisha bei. Katikati wekeni Ohio State ya Columbus, Denison, na Ohio University. Akiba ni Wright State na Ohio State ya Newark. Cleveland State ni yake kuamua, kama anapenda jiji. Hapo ni vyuo saba hadi kumi, vinatosha. Ada za maombi mnaweza kusamehewa kwa kipato chenu. Mshauri wa shule ndiye anayethibitisha.

Maombi ya vyuo vya akiba yatangulie, Septemba na Oktoba. Wright State hujibu maombi kadiri yanavyofika, na mtoto mwenye barua ya kukubaliwa ukutani kabla ya Krismasi huandika potifolio ya USC kwa mkono usiotetemeka. Ohio State ina tarehe ya mapema ya Novemba 1. Majibu ya wakubwa yatakuja Machi, na hadi Mei 1 mna muda wa kuweka barua za fedha mezani, moja pembeni ya nyingine.

Bado yuko darasa la kumi na moja, kwa hiyo kuna kitu cha bure mnachoweza kukiwahi: mpango wa College Credit Plus. Mwanafunzi wa sekondari Ohio anasoma masomo ya chuo, kwa mfano kwenye chuo cha Columbus State, bila kulipa ada, na saa zinahesabiwa kwenye shahada. Akimaliza Kiingereza na hisabati ya chuo akiwa bado kwenu, muhula wa kwanza atakuwa na nafasi ya kushika kamera badala ya kuhesabu. Kuna tarehe ya mwisho ya kuiarifu shule kwamba anakusudia kushiriki, kwa hiyo mshauri aulizwe wiki hii.

Na mpelekeni Dayton. Siku za wazi za Jumamosi zina maputo na biskuti. Ombeni ruhusa ya kwenda siku ya kazi, muhula ukiwa katikati, mkae nyuma ya darasa moja ambapo filamu za wanafunzi zinaonyeshwa na kukosolewa. Baba yake akiwa na safari ya I-70 upande huo ampeleke yeye. Njiani asimuulize kitu. Akitoka darasani akiwa anabishana na filamu ya mtu asiyemjua, muacheni abishane mpaka Columbus.